Kumbukumbu ya Mwanahewa Peter Thomas, na ya Vijana Waliopita Juu ya Ziwa Letu



Kila mwaka taarifa ya chama huanza na hesabu ya fedha, ikafuata habari ya wagonjwa na wanafunzi waliosaidiwa, na mwisho huja ukurasa ambao hakuna apendaye kuufungua, yaani ukurasa wa majina ya waliotutoka. Mwaka huu tumeona vema kuongeza kurasa chache za historia karibu na ukurasa huo. Tutamkumbuka kijana mmoja aliyekufa katika ajali ya ndege wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hakuwa mwanachama wetu, wala hakuzaliwa katika nchi hii. Alikuwa mtu wa Lagos, Nijeria, na jina lake Peter Adeniyi Thomas. Ndiye Mwafrika wa kwanza kupewa cheo cha afisa katika Jeshi la Wanahewa la Uingereza.

Huenda mzee mmoja akauliza: Mtu wa Lagos na sisi watu wa Karagita, wapi na wapi? Swali hilo ni la haki, na kurasa hizi zimeandikwa ili kulijibu. Twaomba msomaji atuvumilie, kwa kuwa njia ya kwenda Lagos itaanzia hapa hapa ziwani.

ZIWA LILIPOKUWA KIWANJA CHA NDEGE

Sisi tukaao Karagita leo twalijua Ziwa la Naivasha kwa samaki wake, kwa viboko wake, na kwa mashamba ya maua yaliyowaleta wengi wetu hapa kutoka Nyanza, Magharibi, Ukambani, Kati na kwingineko. Lakini miaka mingi kabla ua la kwanza halijafungwa katika sanduku kwenda Ulaya, ziwa hili lilikuwa kiwanja cha ndege. Tangu 1937 hadi 1950, ndege kubwa zenye tumbo kama la mashua zilikuwa zikitua juu ya maji haya, zikileta abiria na barua kutoka Uingereza. Abiria walishuka ufuoni, wakapumzika hotelini, kisha wakapelekwa Nairobi kwa motokaa. Siku zile viwanja vizuri vya nchi kavu vilikuwa vichache katika Afrika, na ziwa lilikuwa kiwanja kisichohitaji kufyekwa wala kusawazishwa.

Hata hivyo, anga ya Bonde la Ufa haikuwa anga rahisi. Maji yetu yako kiasi cha mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Mlima Longonot, tuuonao kila asubuhi, hufika mita 2,776. Ukuta wa Mau hupita mita 3,000. Na upande wa mashariki milima ya Nyandarua hukaribia mita 4,000. Mahali palipoinuka namna hiyo hewa ni nyembamba. Injini hupata pumzi kidogo, na mabawa hupata hewa kidogo ya kuegemea. Kwa hiyo ndege yenye mzigo hulazimika kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka, hasa wakati wa adhuhuri jua likiwa kali. Ikifika alasiri mawingu huzishukia kuta za bonde, na rubani mgeni aweza kudhani kwamba mbele yake pana wingu tu, kumbe ndani ya wingu mna mlima.

Katika anga hiyo ndimo vijana wengi walimojifunza kazi ya kurusha ndege za vita.

VIJANA WA NAIROBI NA WA NAKURU

Vita vilipoanza mwezi wa Septemba 1939, vijana wa Kizungu waliokuwa wakifanya kazi katika nchi za Afrika Mashariki walikwenda kujiandikisha. Mmoja wao alikuwa Roald Dahl, karani wa kampuni ya mafuta mjini Dar es Salaam, mwenye umri wa miaka 23. Mwezi wa Novemba alikwenda Nairobi kwa motokaa, akaingia katika mafunzo pamoja na wenzake, jumla yao watu 16. Walifundishwa katika ndege ndogo za mabawa mawili mawili, zilizokuwa wazi juu, hata rubani akapigwa na upepo usoni. Baadaye walipelekwa Iraki kumaliza mafunzo.

Dahl mwenyewe alianguka na ndege yake katika jangwa la Afrika Kaskazini tarehe 19 Septemba 1940, akavunjika fuvu la kichwa, akapofuka kwa muda, lakini akapona. Aliishi hata akawa mwandishi mashuhuri wa vitabu vya watoto. Alipozeeka aliandika habari za ujana wake, akawahesabu wenzake wa Nairobi: katika wale 16, watu 13 walikuwa wamekufa angani kabla ya miaka miwili kupita. Msomaji na asimame kidogo juu ya hesabu hiyo. Ni kama darasa moja la shule, ambalo mwalimu akiita majina baada ya miaka miwili, watatu tu ndio wanaoitika.

Kisha mwaka 1941 Waingereza walihamishia Nakuru chuo cha kuwafunza wanahewa wa ndege za mabomu, kikakaa huko hadi 1943 kilipohamishiwa Misri. Ndege iliyotumika sana mwanzoni iliitwa Blenheim. Ilikuwa na injini mbili na ilichukua watu watatu: rubani, mwelekezi wa njia, na mtu wa simu ya upepo ambaye pia alishika bunduki. Vijana hao walikuwa wamekwisha kujua kurusha ndege. Walikuja Nakuru kujifunza kufanya kazi pamoja kama watu watatu wa mashua moja. Ndege ya injini mbili ina hatari yake. Injini moja ikizimika wakati wa kuruka, ile nyingine huivuta ndege ikageukia upande wa injini iliyokufa, na rubani asiyekuwa mwepesi wa mkono na mguu hana nafasi ya kujirekebisha, kwa kuwa ardhi iko karibu mno. Hatari hiyo ikiongezewa hewa nyembamba na kuta za bonde, yatosha kuonyesha kwamba kujifunza peke yake kulikuwa vita.

Na Mwafrika wa nchi hii, je, alikuwa wapi? Alikuwa chini. Karibu watu 98,000 wa Kenya walitumika katika majeshi ya vita vile. Walikuwa askari wa King's African Rifles, madereva, wapishi, wauguzi, watu wa simu, na wachimbaji wa mitaro na barabara. Walipigana na Waitaliani Uhabeshi, wakavuka bahari kwenda Bukini, wakafika hata misitu ya Burma. Walibeba kila kitu ambacho vita huhitaji kubebewa. Lakini katika kiti cha rubani hawakuwekwa, na katika jeshi la nchi kavu hapakuwa na Mwafrika wa Kenya mwenye cheo kamili cha afisa. Mlango huo ulikuja kufunguliwa mwishoni mwa utawala wa kikoloni, na Jeshi la Wanahewa la Kenya lilianzishwa tarehe 1 Juni 1964, baada ya Uhuru. Ndiyo maana, tukitaka kumkumbuka kijana Mwafrika aliyeingia katika anga ya vita vile kama afisa na rubani, hatuna budi kuvuka bara zima hadi Lagos.

KIJANA WA LAGOS

Kabla ya vita, sheria ya Jeshi la Wanahewa la Uingereza ilisema waziwazi kwamba anayetaka cheo sharti awe mtu wa asili safi ya Kizungu. Hapakuwa na nafasi ya kubishana. Mtu angeweza kuwa na elimu, afya na moyo, na bado akarudishwa mlangoni kwa sababu ya baba zake. Mwezi wa Oktoba 1939, vita vilipokuwa na mwezi mmoja na siku kadhaa, serikali ya Uingereza iliiondoa sheria hiyo kwa muda wa vita. Haikuiondoa kwa kuwa imetubu. Iliiondoa kwa kuwa ilihitaji watu. Wazee wetu wanajua kwamba milango mingi ilifunguka kwa namna hiyo.

Peter Thomas alitoka katika jamaa iliyozoea kugonga milango ya namna hiyo. Dada yake, Stella Thomas, alipokelewa kuwa wakili huko London mwaka 1933, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kufikia daraja hiyo Uingereza. Na mwaka 1943 akawa hakimu, mwanamke wa kwanza katika Afrika Magharibi yote. Ndugu yake mwingine, Stephen Thomas, alikuja kuwa Jaji Mkuu wa Jimbo la Kati Magharibi la Nijeria. Katika nyumba ya namna hiyo kijana hafundishwi kusubiri aitwe.

Mwaka 1941 Peter alijiunga na Jeshi la Wanahewa, akasafiri kwenda Uingereza katika miaka ambayo nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizamisha meli baharini. Alifundishwa, akapimwa kwa vipimo vile vile walivyopimwa wengine, akashinda. Mwaka 1942 alipewa cheo cha afisa. Picha zake za wakati ule zilipigwa na watu wa habari wa serikali zikasambazwa, kwa sababu serikali ilitaka Waafrika waone na waamini kwamba vita ni vyao pia. Hivyo kijana yule alibeba mizigo miwili kwa pamoja. Kama rubani, ilimpasa asikosee ili asife. Kama Mwafrika wa kwanza, ilimpasa asikosee ili asiseme mtu kwamba Waafrika hawawezi. Mzungu aliyeshindwa mafunzo alishindwa peke yake. Peter Thomas angeshindwa, wangeshindwa pamoja naye watu ambao hawajazaliwa.

Hakushindwa. Alipanda cheo mara mbili, akatumika hata mwaka wa mwisho wa vita. Mwezi wa Januari 1945, akiwa Uingereza, ndege yake ilipata ajali, naye akafa. Siku ya tarehe 8 Mei mwaka ule ule kengele za makanisa zililia Ulaya kutangaza amani. Alikuwa amebakiza miezi minne isiyotimia.

Maiti yake haikurudi Lagos. Utaratibu wa Uingereza katika vita vile vyote viwili ulikuwa kwamba aliyefia ng'ambo huzikwa ng'ambo, awe mtoto wa bwana mkubwa au wa mkulima. Jamaa yake walipata habari, lakini hawakupata mwili wa kuuosha wala kaburi la kulipalilia.

JUU YA KUFA KWA AJALI

Hapa twaona yatupasa kusema neno juu ya ajali, kwa sababu wako watu wanaodhani kwamba kifo cha ajali ni kifo pungufu. Husema: aliyepigwa risasi na adui ni shujaa, lakini aliyeanguka na ndege katika safari ya kawaida amekufa bure.

Hesabu za vita vile hazikubaliani na maneno hayo. Katika kikosi cha Uingereza cha ndege za mabomu, kati ya wanahewa wapatao 125,000, walikufa 55,573. Katika hao waliokufa, zaidi ya 8,000 walikufa katika ajali za mafunzo na za safari zisizo za mapigano. Hawakumwona adui. Waliuawa na ukungu, na barafu juu ya mabawa, na injini iliyozimika, na mlima uliofichwa na wingu, na uchovu wa kijana wa miaka 20 aliyeruka usiku baada ya usiku. Walakini bila mafunzo yale na safari zile hapangekuwa na jeshi hata moja angani. Kazi iliyo ya lazima haiwi bure kwa sababu imeua bila kelele za bunduki.

Watu wa Karagita wanalifahamu jambo hili kuliko wengi. Ni mara ngapi chama chetu kimemchangia mtu aliyekufa barabarani akirudi kazini jioni, au mvuvi aliyepinduliwa na kiboko kabla ya jua kuchomoza? Hatukupata kuuliza kama amekufa kwa utukufu. Twauliza jina lake ni nani, kwao ni wapi, watoto wake ni wangapi, na gari la kumpeleka litagharimu kiasi gani. Hayo ndiyo maswali ya watu waliokomaa, na ndiyo tunayotaka kuuliza hata juu ya rubani wa Lagos.

VITA VILIKUWA VYA NANI?

Swali jingine ni zito zaidi, nalo huulizwa mara kwa mara penye wazee. Vita vile havikuwa vyetu. Kwa nini kijana wa Kiafrika akafie himaya iliyomtawala baba yake? Na kwa nini sisi tumkumbuke?

Hatutalificha swali hilo. Katika bonde letu lina uchungu wa pekee, kwa sababu nchi hii tunayokaa ilikuwa sehemu ya nyanda za juu zilizotengwa kwa Wazungu. Vita vilipokwisha, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwapa wanajeshi wa Kizungu mashamba katika nyanda hizo. Askari Mwafrika aliyetoka Burma na medali yake kifuani hakuruhusiwa kununua hata ekari moja ya nchi ile. Aliweza kuingia ndani yake kama kibarua tu. Mtu akisema kwamba damu ya Mwafrika ililipwa kwa dharau, hatuna la kumjibu.

Lakini tusiwafanye vijana wale kuwa wajinga, kwa maana hawakuwa wajinga. Wengi waliona mapema kwamba mtu aliyemwona Mzungu akiogopa, akiumwa, na akifa kama watu wengine, hawezi kurudi kuwa mtumwa wake kwa moyo. Waruhiu Itote, aliyepigana Burma katika King's African Rifles, alirudi Kenya, na miaka kadhaa baadaye akajulikana kwa jina la Jenerali China katika msitu wa Mlima Kenya. John Smythe wa Sierra Leone, aliyekuwa mwelekezi wa njia katika ndege za mabomu, alitunguliwa juu ya Ujerumani mwezi wa Novemba 1943, akakamatwa, akakaa kifungoni hadi mwisho wa vita. Baada ya hapo alisoma sheria, akawa Mwanasheria Mkuu wa nchi yake. Hao wawili waliishi, na maisha yao yakajibu swali la wazee kwa njia mbili mbalimbali.

Peter Thomas hakupewa miaka ya kulijibu. Hapo ndipo ulipo uchungu wa kijana aliyekufa: twajua alichokifanya, lakini alichotaka kukifanya kilizikwa pamoja naye. Tukimhukumu kwa jambo la himaya iliyomtuma, tunamhukumu kwa nusu ya maisha. Kile ambacho twaweza kukisema kwa haki ni kwamba alipewa kazi iliyosemwa kuwa Mwafrika hawezi, akaiweza. Na sheria ya asili ya Kizungu, hata kama ingerudishwa mara mia, isingeweza tena kusimama juu ya miguu yake.

JINA LILILOANDIKWA NA JINA LISILOANDIKWA

Sasa twafika katika jambo lenyewe lililotufanya tuandike.

Mwaka 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliunda halmashauri ya kutunza makaburi ya askari wao. Halmashauri hiyo ilijiwekea kanuni nzuri: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, juu ya jiwe la kaburi au juu ya ukuta wa ukumbusho, na mawe yawe sawa, bila kutazama cheo, rangi wala dini. Kwa kanuni hiyo Peter Thomas ana jina lake. Wanahewa waliopotea bila kaburi nao wana majina. Wale waliopotelea upande wa Misri na Afrika Mashariki yameandikwa majina yao katika kuta za Alamein, huko Misri. Hata karibu nasi, msafiri aendaye Nakuru hupita makaburi ya vita ya Gilgil, ambako mawe yamepangwa kwa safu na kutunzwa. Na Nairobi, kando ya barabara ya Ngong, uko ukumbusho wa askari wa Afrika Mashariki wasio na kaburi, pamoja na wale wa kikosi cha mizinga walioangamia tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail ilipozamishwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Watu 1,297 walikufa siku ile.

Lakini katika vita vya kwanza kanuni ile nzuri ilivunjwa, tena ilivunjwa hasa katika nchi zetu. Wapagazi wa Kariakoo walichukuliwa kwa maelfu kwa maelfu kutoka vijijini, wakabeba risasi na unga juu ya vichwa vyao, wakafa kwa njaa, kuhara na homa katika njia za Tanganyika. Wengi hawakuandikiwa jiwe. Walijengewa sanamu, Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, sanamu za watu wasio na majina. Mwezi wa Aprili 2021 halmashauri ile ile ya makaburi ilitoa taarifa ya uchunguzi wake na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, Waafrika na Waasia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Na kwamba watu wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri.

Basi tazameni tofauti. Rubani mmoja Mwafrika aliyekufa mwaka 1945 ana jina, cheo, na tarehe yake, hata sisi wa Karagita twaweza kumwandika baada ya miaka zaidi ya 80. Babu zetu waliobeba mizigo mwaka 1917, ambao damu yao imo katika mishipa yetu, wengi hawana hata herufi moja. Tofauti haikuletwa na ushujaa. Ililetwa na daftari. Mmoja aliandikwa na wengine hawakuandikwa, na asiyeandikwa hufa mara ya pili siku anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua.

Hili ndilo jibu letu kwa mzee aliyeuliza, wapi na wapi. Peter Thomas alikufa mbali na kwao akiwa kazini, na mwili wake haukurudi. Katika Karagita karibu kila nyumba ina mtu aliye mbali na kwao akiwa kazini. Chama chetu kimejengwa juu ya hofu hiyo moja: mtu asife ugenini akawa mgeni hata katika kifo. Twatoa shilingi zetu kila mwezi ili jeneza lipate gari, ili mama apelekewe mtoto wake, na ili jina lisomwe mbele ya watu wanaolitambua. Kanuni ile ya mwaka 1917, ambayo serikali kubwa ilishindwa kuishika, ndiyo kanuni ambayo wachuma maua, wavuvi na wachuuzi wa Karagita wamejitahidi kuishika kwa sarafu zao.

OMBI LETU

Kwa hiyo twaleta ombi mbele ya wazee na wanachama. Daftari la chama lina ukurasa wa waliotutoka katika mwaka. Twaomba ufunguliwe ukurasa mwingine nyuma yake, na kila mwanachama aandike humo jina la babu, au babu wa babu, au mjomba, aliyekwenda katika vita vya kwanza au vya pili, akarudi au asirudi. Aandike jina, kijiji, na kazi aliyoifanya: mpagazi, askari, dereva, mpishi, mchimbaji. Asiyejua tarehe asione haya kuiacha. Wazee walio hai wanajua majina ambayo hayamo katika kitabu chochote, na kila mwaka tunaowazika wazee wawili au watatu, twazika pamoja nao majina mengi kuliko tunavyodhani. Kazi hii haihitaji fedha. Yahitaji kalamu na jioni moja ya kuketi na mzee.

Na juu ya ukurasa huo twapendekeza jina la kwanza liwe la mgeni, Peter Adeniyi Thomas wa Lagos, mwanahewa, aliyefariki Januari 1945. Mila za makabila yetu yote humpa mgeni kiti kabla ya mwenyeji. Baada yake yafuate majina ya kwetu, moja moja, hadi wino uishe.

Vijana wetu wa siku hizi wakiona ndege ikipita juu ya Longonot hawashangai, wamezoea. Twawaomba mara moja moja wainue macho, wakumbuke kwamba njia ile ya juu ililipiwa na vijana wa umri wao, na kwamba kulikuwa na wakati ambapo Mwafrika alikatazwa kuipita. Kisha washushe macho watazame ardhi, kwa kuwa hiyo nayo ina wenyewe waliolala bila jiwe.

Mungu awarehemu wote, waliokufa angani, baharini na nchi kavu. Nasi tuliobaki atujalie umoja, na mkono usiochoka kuandika.

Ni sisi, wenzenu katika kazi ya chama.